Wiki Moja kwenye J30: Safari ya Binti Yangu Mwenye Miaka 13

Alhamisi, njiani

Tumeondoka alfajiri. Mkoba wa raketi haukuenea juu ya viti vya basi, kwa hiyo nimeupakata tangu stendi. Binti yangu amenilalia begani. Ametimiza miaka 13 miezi minne iliyopita, na hiyo ndiyo sababu ya safari hii: mashindano ya kimataifa ya tenisi ya chipukizi yanayosimamiwa na ITF, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, hayampokei mtoto kabla ya kufikisha umri huo, na yanaagana naye mwisho wa mwaka anaotimiza 18. Siku aliyofikisha 13 nilikuwa nimeshamsajili. Kocha wake aliniambia, "Mama, mlango umefunguka, lakini si lazima kuingia leo." Mimi nikaingia.

Naandika kila jioni wiki hii kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya ngazi hizi kwa lugha yetu sikupata, na najua nina wenzangu wengi waliopo hapo nilipokuwa.

Tunakokwenda ni J30. Ngazi za ITF ni J30, J60, J100, J200, J300 na J500, na namba hiyo ni pointi anazovuna bingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Hadi mwaka 2023 zilipobadilishwa majina zilikuwa zikiitwa madaraja, na J30 ya leo ndiyo ile iliyoitwa Daraja la 5. Juu ya zote wamekaa Grand Slam nne za chipukizi, Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, ambako bingwa anaondoka na pointi 1000. Ukiweka 30 na 1000 kwenye mizani moja ndipo unapoona urefu wa mlima.

Ndugu waliponiuliza niliwaambia tunaenda "ngazi ya chini kabisa". Nimelifikiria neno hilo njia nzima, na nimeona si kweli. J30 ni ngazi ya kwanza ya ghorofa ya juu. Chini yake kuna ghorofa nzima ya mashindano ya klabu, ya mkoa, ya taifa, yaliyogawanywa kwa umri: chini ya miaka 10, 12, 14, 16, 18. Binti yangu hajamaliza kupanda huko. Ameshinda mashindano mawili ya chini ya miaka 12, na kwenye ya chini ya 14 mara zote anaishia robo fainali. Haya niliyajua wakati namwandikisha. Niliona herufi J, nikaona jina lake kwenye orodha ya dunia, nikaruka.

Ijumaa, kujiandikisha

Wanaocheza mchujo lazima wafike wenyewe kuthibitisha, leo kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Dakika moja ikipita, jina linakatwa na nafasi anapewa mbadala. Tulifika saa tisa.

Ukumbi ulikuwa umejaa wasichana warefu kunishinda. Ukutani ilibandikwa orodha ya walioingia, yenye safu ya nafasi ya kila mmoja duniani. Wachache mbele walikuwa na namba za mamia, wengi namba za maelfu. Mbele ya jina la binti yangu palikuwa patupu. Huo utupu ndio unaompeleka mchujoni: wenye nafasi nzuri wanaingia moja kwa moja droo kuu, yaani mashindano yenyewe, wengine wanapewa nafasi ya mwaliko na mwandaaji, na waliobaki wanagombea nafasi zilizoachwa. Hapa mchujo una wasichana 32 na wanapita wanane. Ukishinda mechi mbili umeingia.

Binti yangu ana namba moja tu, ile ya WTN (World Tennis Number), mfumo unaompa kila mchezaji tarakimu kati ya 40 na 1. Anayeanza kushika raketi yuko karibu na 40, na kadiri anavyokua kimchezo tarakimu inashuka. Napenda mfumo huo kwa sababu hauangalii umri wala jinsia, unaangalia umecheza na nani na mlimalizaje. Usiku droo ilipotoka, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta WTN ya mpinzani wake wa kesho. Wamelingana. Nimepumua.

Jumamosi, mchujo raundi ya kwanza

Leo imekuwa siku ndefu, na sehemu kubwa ya nilichojifunza wiki hii naona kimetoka leo.

Kwenye mchujo hakuna mwamuzi kwenye kiti. Kuna refa mmoja na wasaidizi wachache wanaozunguka viwanja vyote. Watoto wanajiamulia wenyewe: kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake, anatamka "auti" mara mpira unapodunda, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya wavu, na akiwa na shaka mpira ni wa mwenzake. Hilo la mwisho watoto wote wanalijua na wengi wanalitii, lakini kulitii ukiwa nyuma kwa gemu mbili kunahitaji moyo.

Seti ya kwanza walifika 4-4, binti yangu akianzisha. Katikati ya gemu wakasimama. Yeye anasema ni 40-30, mwenzake anasema 30-40. Wakaitana wavuni, wakazungumza, hawakuelewana, wakamwita refa. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio na nilikuwa nahesabu kwa vidole. Ilikuwa 40-30. Nilijua kabisa. Na sikuruhusiwa kutamka neno, kwa kuwa mtu wa nje haingilii hesabu wala mistari. Nilishika uzio mpaka vidole vikaniuma.

Refa hakuuliza nani mkweli. Aliwarudisha pointi moja moja: ya pili alipata nani, ya tatu nani, ya nne, ya tano. Wakakubaliana zote isipokuwa ya kwanza. Zile wanazokubaliana zinasimama, kila mmoja ana mbili, ambazo kwenye tenisi huitwa 30, basi gemu inaendelea kutoka 30-30. Hakuna aliyeitwa mwongo, na hakuna aliyepata alichotaka. Kisha akamgeukia binti yangu, akamwambia kwa upole kwamba anayeanzisha ndiye anayetakiwa kutaja hesabu kabla ya kila pointi, ya kwake kwanza, mwenzake asikie. Binti yangu alikuwa akitaja, ila kwa sauti ya chini mno, kama mtu anayesali.

Gemu ile ikapotea, na seti nayo, 6-4. Nilidhani ndiyo imekwisha. Lakini aliingia seti ya pili akihesabu kwa sauti, na kila hesabu ilivyotoka mdomoni mabega nayo yakanyooka. Akaichukua 6-3. Kwenye mchujo huu seti ya tatu haichezwi yote, inachezwa taibreki ya mechi: wa kwanza kufika pointi 10 kwa tofauti ya mbili. Alishinda 10-7. Walipopeana mikono yule msichana alikuwa analia na binti yangu alikuwa anatetemeka, nikatamani kuwakumbatia wote wawili.

Jumapili, raundi ya mwisho ya mchujo

6-0, 6-1. Dakika hamsini.

Mpinzani ana miaka 17. Hapa hakuna migawanyo ya umri. Ukishatimiza 13 uko kundi moja na wa miaka 18, na tofauti hiyo kwa mwili wa mtoto wa kike ni kubwa sana. Sevu yake ya pili, yaani mpira wa kuanzisha pointi, ilikuwa ikidunda na kupanda juu ya bega la binti yangu, na kila alipojaribu kuirudisha alikuwa anapiga akiwa amerudi nyuma hatua tatu, raketi iko usawa wa sikio. Hakuwa na kosa la kurekebisha. Hakuna zoezi la usiku mmoja linaloongeza sentimeta kumi na tano.

Kilichonichoma si matokeo. Ni kwamba kufikia gemu ya tatu alikuwa ameacha kuhesabu kwa sauti. Mpinzani akawa anamhesabia.

Jioni hakutaka kuzungumza, na sikumlazimisha. Nimekaa hapa nikijiuliza mechi hii imemfundisha nini, na nikiwa mkweli naona imemfundisha kwamba kuna watu wakubwa. Hilo alilijua kabla hatujapanda basi.

Jumatatu, kusubiri

Ukishindwa raundi ya mwisho ya mchujo bado kuna kamba moja ya kushika. Asubuhi unaweza kuandika jina uwe miongoni mwa walioshindwa wanaosubiri bahati: mtu wa droo kuu akiumwa au asipotokea, anaingia mmoja wao. Tuliandika jina. Ukishaandika unabaki uwanjani, viatu vimefungwa, kwa sababu ukiitwa unaingia muda huohuo. Walisubiri wasichana wanne. Hakuna aliyeitwa mpaka mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza ilipoanza.

Lakini kusubiri huko ndiko kumetupa zawadi ya wiki. Upande wa nyuma wa klabu palikuwa na watoto wa miaka sita, saba, nane, wanacheza mipira myekundu. Kwa asiyeijua: tenisi ya watoto ina hatua tatu za rangi. Mpira mwekundu una mwendo pungufu kwa asilimia 75 ukilinganisha na ule wa njano wa kawaida, uwanja wake una urefu wa takriban mita 11 na wavu uko sentimeta 80. Baadaye mtoto anapanda kwenye rangi ya machungwa, mpira pungufu kwa asilimia 50, uwanja wa takriban mita 18. Kisha kijani, pungufu kwa asilimia 25, na hapo ndipo anapokanyaga uwanja kamili wa mita 23.77 na wavu wa sentimeta 91.4 katikati. Tangu Januari 2012 sheria za tenisi zenyewe zinakataza mpira wa kawaida wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake.

Wakati binti yangu ana miaka minane niliwahi kumsihi kocha amrushe hatua ya kijani. Niliona rangi hizo ni za watoto wadogo na yeye alikuwa anawashinda wenzake. Kocha alikataa. Leo nikiwa nimekaa kwenye benchi nimeona kwa nini. Mpira mwekundu unamfikia mtoto kiunoni, kwa hiyo anapiga kama mchezaji, anazungusha mwili, anasogea mbele. Mpe wa njano, unampita kichwani, na anajifunza kupiga kwa kujikinga. Nikakumbuka raketi ya binti yangu jana, usawa wa sikio. Ni kitu kilekile. Nilichozuiwa kumfanyia akiwa na miaka minane nimekuja kumfanyia akiwa na kumi na tatu.

Mwalimu wa watoto wale alihitaji mtu wa kusimamia uwanja mmoja, akamwomba binti yangu. Alikaa nao saa nzima. Watoto wa umri huo hesabu wanaipigia kelele, zamu kwa zamu, uwanja mzima unasikia. Kimoja kilikosea kikasema mbili-tatu badala ya tatu-mbili, mwenzake akamsahihisha na wakaendelea bila kinyongo. Nilimwona binti yangu akicheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Mchana akatafutwa na mmoja wa wale wasichana waliokuwa wanasubiri. Anatoka nchi nyingine, lugha zao hazikutani, ila alinyoosha vidole viwili na kuonyesha karatasi ya wawili wawili, mechi za wachezaji wawili kila upande. Wakaandika majina pamoja.

Jumanne, wawili wawili

Wazazi wengi huona wawili wawili ni mabaki ya mashindano. Kwenye orodha ya ITF inahesabiwa: nafasi ya mtoto inatokana na matokeo yake sita bora ya mchezaji mmoja mmoja, yakiongezwa robo ya pointi za matokeo yake sita bora ya wawili wawili. Robo ni kidogo, ndiyo. Lakini msichana wa kwanza wa Kenya kutwaa taji la Grand Slam ya chipukizi alilipata kwa njia hiyo. Angella Okutoyi, Wimbledon 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4, 11-9. Nilimsimulia binti yangu hayo asubuhi wakati anafunga kamba za viatu, akaniuliza, "Mama, 11-9? Kwa hiyo walifika 9-9?" Walifika 9-9.

Sheria za wawili wawili hapa ni za kasi. Ikifika dyusi, yaani 40-40, inachezwa pointi moja tu, wapokeaji wanachagua upande gani upokee. Kila upande ukiwa na seti moja, inachezwa taibreki ya mechi.

Walipoteza seti ya kwanza 6-3, wakapata ya pili 6-4, na taibreki wakapoteza 10-8. Pointi walizopata: sifuri. Nimeandika hivyo ili anayefuatilia hesabu asidanganyike, kwa kuwa wiki nzima hii, kwa orodha ya dunia, binti yangu ni kama hakuja. Mbele ya jina lake patabaki patupu.

Ila nilichokiona ni mechi. Pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kufanya. Mpira ukija juu wanarudi, ukija mfupi wanavamia wavu, wakikosea wanaonyeshana kwa mikono, wanajaribu tena dakika hiyohiyo. Na katika taibreki, wakiwa 8-8, binti yangu ndiye aliyekuwa anaanzisha. "Nane-nane!" Nilimsikia kutoka uwanja wa jirani nilikokuwa nimejificha nisimtie presha.

Jumatano, simu ya kocha

Tumebaki siku moja zaidi kuangalia mechi za droo kuu. Kwenye J30, anayeshindwa raundi ya kwanza ya droo kuu haondoki na kitu, na anayeshinda mechi moja akaishia raundi ya wachezaji 16 anapata pointi mbili. Nilimwona msichana aliyemshinda wangu Jumapili akishinda leo tena kwa jasho jingi, seti tatu, kwa muda wa karibu saa tatu. Hizo ndizo mechi zake. Hapa ndipo panapomfaa yeye.

Mchana nilimpigia kocha. Nilitegemea lawama, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: katika mechi kumi za mwisho za mtoto, ameshinda ngapi? Nikahesabu. Tatu. Akasema yeye huwa anatafuta mahali ambapo mtoto anashinda karibu mbili kwa kila moja anayopoteza. Akishinda zote amekaa chini mno, hakuna anayemsumbua. Akipoteza karibu zote yuko juu mno, anajifunza kuvumilia tu. Ngazi haina aibu wala sifa, alisema, kazi yake ni kumpatia mtoto mpinzani anayemfaa.

Nikamwambia naogopa kwamba akibaki kwenye ya chini ya miaka 14 wenzake watamwacha. Akanikumbusha Tarbes, kule Ufaransa, yanapochezwa mashindano makubwa ya chini ya 14. Rafael Nadal alishinda pale mwaka 2000, akiwa na miaka 13. Si kwamba binti yangu ni Nadal, alisema, ila hata Nadal alicheza na watoto wa rika lake. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwa nalo akilini: mtoto wa miaka 13 ana kikomo cha mashindano ya ITF anayoruhusiwa kucheza kwa mwaka, na umri ukipanda kikomo kinapanda. "Waliotunga sheria wameshaona wazazi kama sisi, Mama." Amesema "sisi". Nilimshukuru kwa hilo.

Alhamisi, kurudi

Basi la kurudi lina nafasi, mkoba umepata kiti chake. Rafiki yake wa juzi alimfungia bendi yake ya mkononi kwenye mpini wa raketi, na yeye akampa moja ya kwake. Wamebadilishana namba. Sijui wataandikiana kwa lugha gani.

Nilikuwa nimeshamwandikisha kwenye J60, wiki tano zijazo. Tukiwa njiani nimemwonyesha simu, nikamwambia kuna na ile ya chini ya 14 ya kanda, wiki mbili zijazo, na kwamba safari hii anachagua yeye. Alikaa kimya kwa muda, akatazama nje.

"Kwenye ya kanda kuna mwamuzi?"

"Wa kuzunguka. Mmoja, viwanja vyote."

"Basi nitahesabu mwenyewe," akasema. "Niandikishe hiyo."

Siku ya mwisho ya kujitoa J60 bado haijapita, kwa hiyo hakuna adhabu. Nimeingia kwenye akaunti yake, nikatafuta jina, nikabonyeza kujitoa, nikathibitisha. Alikuwa wa mwisho kwenye orodha ya mchujo. Msichana aliyeandikwa wa kwanza kwenye mbadala sasa ameingia, na mahali fulani mama yake anapokea ujumbe.